Embaire haipigwi bila shimo

Mhariri,

Nawaandikia kutoka Walukuba, hapa Jinja, na hasira haijanitoka, kwa hiyo mnivumilie nikipitiliza. Jumamosi iliyopita wametufukia shimo.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kwanza. Embaire ni marimba makubwa ya Wasoga, wenyeji wa Busoga, mashariki mwa Uganda. Yetu ilikuwa na mbao 21 za mti wa musambya, na ule mkubwa kabisa unabebwa na watu wawili. Hazipangwi juu ya meza. Unachimba shimo, unalaza magogo mawili ya mgomba ukingoni, huku na huku, unapanga mbao juu yake, na wapigaji wanakaa pande mbili wakitazamana. Shimo ndilo tumbo la ngoma. Ubao mkubwa ukigongwa juu ya shimo, mtu aliye ng'ambo ya barabara anausikia kifuani kabla haujafika masikioni. Ugonge uleule juu ya saruji, unasikia kuni.

Shimo letu tulilichimba 2016 kwenye kiwanja cha mzee mmoja aliyependa kelele zetu. Mzee amefariki, watoto wameuza, aliyenunua anajenga vyumba vya kupangisha. Sina ugomvi naye. Kiwanja ni chake na karatasi anazo. Ila lori la kifusi lilikuja saa moja asubuhi bila mtu kuambiwa, na kijana wetu mmoja akanipigia simu: "Mzee, wanafukia embaire!" Nilikuwa karakana nachomelea geti la mtu. Nilikimbia na miwani ya kuchomelea kichwani, watoto wananicheka njia nzima. Nilipofika, mbao zilikuwa zimetupwa kando kama kuni za msiba. Mmoja umepasuka kutoka nchani hadi katikati. Magogo ya mgomba yamebaki chini ya kifusi, lakini hayo si kitu, huoza na tunayabadilisha kila mara. Kilichoniuma ni shimo.

Nimekaa siku tatu nikitafuta pa kuchimba jingine. Aliyepanga hawezi kukuruhusu, na mwenye nyumba anauliza utalipa ngapi kwa mwezi. Shule moja ilikubali, kisha ikakumbuka kuwa watoto wanaweza kutumbukia. Ndipo nikasema niandike, maana hiki ndicho kipindi ambacho halmashauri zetu zinakusanya maoni ya bajeti ijayo. Bajeti ya serikali ya mtaa lazima ipitishwe ifikapo Mei 31, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mwenye neno aliseme mapema. Ukija nalo Juni utaambiwa vitabu vimefungwa.

Mimi si Msoga. Baba yangu ni Msamia wa Busia, alikuja Jinja mwishoni mwa miaka ya 1950 kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, Nytil, wakati bwawa la Owen Falls lilikuwa limeshafunguliwa, 1954, na umeme umeleta viwanda. Nyumba za Walukuba zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi kama yeye. Mlango wa kushoto Mluo, wa kulia Mteso, mbele Mwacholi, nyuma Mganda mmoja aliyejiona ndiye mwenye mji. Pale bombani, akina mama wakipanga madumu, lugha ikawa Kiswahili, na ni Kiswahili mpaka leo. Embaire nilifundishwa na jirani Msoga, fundi wa mashine za kufuma, aliyenigonga vidole kwa kijiti kila nikikosea. Jumapili kila kabila lilitoa ngoma yake, na sisi watoto tulitoka uwanja huu tukaingia ule, tukila kila tulipofika. Hakuna aliyesema "utamaduni". Tulisema Jumapili.

Kikundi chetu kina watu 14. Vijana watano ni wa boda boda, wanawake wawili wanauza mukene, yaani dagaa, kule Masese ziwani, mmoja ni mwalimu wa chekechea, mimi mchomelea mageti. Tunapiga embaire, tunacheza ngoma za majirani zetu wote, na tuna michezo ya kuchekesha ya Kiswahili. Mmoja unahusu mpangaji aliyemficha mama mkwe ndani ya kabati siku ya kudaiwa kodi. Baraza la Mawaziri lilipoamua 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, mwalimu wa jirani alituomba tuwachezee wanafunzi wake mchezo huo, wasikie Kiswahili kinachotembea kwa miguu yake. Tulienda mara tatu. Nauli tulijilipia, na yule aliyecheza mama mkwe mpaka leo watoto wanamwita kwa jina lake la mchezoni akipita sokoni.

Sasa niseme namna tunavyoitwa. Simu huja siku mbili kabla. "Mzee, kuna mgeni rasmi, leteni vijana wachangamshe." Hawaulizi mtacheza nini wala kwa bei gani. Sherehe moja, waandaaji siwataji, tulifika saa mbili asubuhi kama tulivyoagizwa, tukachimba shimo wenyewe pembeni ya hema, tukapanga mbao. Mgeni alifika saa nane. Hotuba zilikuwa tisa, nilizihesabu. Saa kumi na nusu mshereheshaji akaja mbio: muda umekwisha, tupige wakati wageni wanakwenda kwenye chakula. Tulipiga dakika nne kwa migongo ya watu. Kisha tukafukia shimo, maana uwanja ulitakiwa urudi kama ulivyokuwa. Malipo yalikuwa shilingi 150,000 kwa watu 14, yaliyotoka baada ya wiki saba, na soda. Nikikumbuka vizuri, soda zilikuwa 12.

Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia "fedha za umma kwa wasanii" wanadhani tunaomba kitu kipya. Sisi ndio tunaotoa ruzuku. Kila sherehe inayopata ngoma kwa bei ya soda, sisi tumeilipia, kwa magoti yetu na kwa siku tuliyoacha kazi.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia kwa miaka mingi: pesa hakuna. Nimejifunza kidogo habari za pesa hizo kwa kukaa mikutanoni. Sehemu kubwa ya fedha za serikali za mitaa nchini hutoka Kampala zikiwa zimeshapewa kazi: hii mishahara ya walimu, hii dawa, hii barabara. Karani akiigusa kwa jambo jingine anajitafutia matatizo. Kinachobaki mikononi mwa madiwani ni mapato ya ndani, yaani leseni za biashara, kodi ya majengo, ada za soko na maegesho, na hayo yalipungua sana ile kodi ya kichwa ilipofutwa 2005. Hapo nakubali, mfuko ni mdogo. Lakini sheria ya serikali za mitaa inaruhusu hadi asilimia 20 ya mapato ya ndani ya mwaka uliotangulia iende kwenye malipo ya madiwani wenyewe. Alawansi. (Nasema alawansi, sisemi posho kama wenzetu wa Tanzania, maana kwetu posho ni ugali, huliwa na maharagwe.) Siwaonei wivu, kazi ya udiwani ni ngumu na wapiga kura tunaomba hata pesa za mazishi. Ninachosema ni kwamba sheria iliyoona nafasi ya 20 haiwezi kukosa nafasi ya moja. Ombi langu ni hilo: asilimia 1 ya mapato ya ndani ya kila jiji iwekwe kwenye kifungu chake, kiitwe sanaa na utamaduni, kisichanganywe na sherehe wala mapokezi ya wageni.

Na kuna kodi moja ambayo inatuhusu kabisa. Tangu 2008 serikali za mitaa zinatoza kodi ya hoteli, kiasi fulani kwa kila chumba kwa kila usiku. Mtu anakuja Jinja kufanya nini? Kuna chanzo cha Nile, kuna mitumbwi ya maporomoko, ni kweli. Lakini tangu 2015 kuna pia Nyege Nyege, tamasha la muziki, na siku zile huwezi kupata kitanda mjini, watu wanalala hata sebuleni kwa wenyeji. Wengine wenu hamlipendi tamasha hilo na mimi mwenyewe kuna mavazi niliyoyaona huko nikageuza uso. Mwaka 2022 Bunge lilitaka lizuiwe, serikali ikaliruhusu kwa masharti, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba wageni walikuwa wameshakata tiketi. Basi, kumbe ngoma ni pesa. Embaire ya kijiji cha Nakibembe, humu humu Busoga, imekwenda hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Mzungu analipa kuja kusikia mbao juu ya shimo. Analala hotelini, hoteli inalipa kodi. Ni halali tuulize katika shilingi ile ya chumba, ya shimo iko wapi.

Kuna watakaosema serikali imeshatukumbuka. Emyooga, mpango wa serikali wa mikopo kwa vikundi vya kazi ulioanza 2019, uliweka wasanii wa jukwaani miongoni mwa makundi yake pamoja na mafundi na wenye saluni. Mpango wa Maendeleo wa Parokia ulizinduliwa Februari 2022, na kila parokia (ya kiserikali, si ya kanisa) inapangiwa milioni 100 kwa mwaka, kaya inapata milioni moja. Sizidharau. Jirani yangu amefuga kuku kwa milioni hiyo na mayai nanunua kwake. Lakini pesa zile ni mkopo, na mkopo unataka kitu kinachotaga. Mazoezi hayatagi. Sisi tuliwahi kukopa milioni tatu kwenye chama kimoja cha akiba, Januari 2020, tukanunua spika na maikrofoni tukasema sasa tumekuwa watu. Machi burudani zote zikafungwa kwa korona. Zilifunguliwa Januari 2022. Karibu miaka miwili, viwanda vinafanya kazi, soko linafanya kazi, sisi tumekatazwa kufanya kazi yetu na riba inatembea. Spika niliziuza Iganga kwa nusu ya bei, deni lililobaki nikalimalizia kwa mageti. Kijana mmoja hodari kabisa wa embaire, mkono wa kushoto ambao sijaona mfano wake, aliondoka kwenda kuwa mlinzi Dubai. Hajarudi. Anatuma salamu, anauliza shimo linaendeleaje. Sijamwambia.

Wafadhili wa nje? Tuliwapata mara moja, miaka miwili. Walikuwa watu wema. Walitaka mchezo kuhusu kunawa mikono, tukacheza kuhusu kunawa mikono. Mradi ulipoisha, wakachukua na bendera yao. Kampala angalau kuna Jumba la Taifa la Maigizo, lililofunguliwa 1959, na Nommo Gallery, nyumba ya maonyesho ya picha kule Nakasero, vyote chini ya Kituo cha Utamaduni cha Taifa. Julai 2020 Jinja, Arua, Gulu, Mbale, Mbarara, Masaka na Fort Portal zilipandishwa kuwa majiji. Tulicheza siku hiyo pia, barakoa zikiwa usoni, watu wachache. Nilidhani jiji linakuja na jumba lake. Kukodi ukumbi wa kufanyia mazoezi tu, mmoja niliouliza mwezi uliopita, ni shilingi 300,000 kwa siku, na mwenye ukumbi alinicheka nilipomwambia kuhusu shimo.

Nisijifanye malaika. Pesa za wasanii zimeshaliwa nchi hii, na waliokula ni wasanii wenzangu. Kila kampeni ikikaribia utaona kikundi kilichozaliwa jana kina fulana mpya na gari la matangazo, baada ya uchaguzi hakipo. Kwa hiyo kama kifungu hicho kitakuja kugawiwa kwenye simu, kwa mtu anayemjua mtu, bora kisije. Majina ya walioomba na waliopewa yabandikwe ubaoni pale halmashauri na kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kiasi na kazi iliyoahidiwa. Nusu itolewe mwanzo, nusu baada ya kazi kuonekana, na waulizwe wakazi wa mtaa kama kweli waliona kitu. Kikundi ambacho hakijafikisha miaka mitatu kisubiri. Sisi wa Walukuba tutasubiri pia tukikosa, hatutalia hadharani. Pengine tutalia kidogo.

Jambo linalonitia hofu zaidi ya wizi ni kuimbishwa. Mtu wa umri wangu hawezi kusahau. Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo aliyekuwa mkurugenzi wa lile Jumba la Taifa la Maigizo, alirudi kutoka Lagos kwenye tamasha kubwa la Afrika 1977, akachukuliwa na watu wa Amin, akauawa. Baba alizima redio jioni ile akatuambia tusipige kitu chochote nje kwa wiki nzima. Siku hizi hakuna anayetuua, tunanunuliwa tu. Ndiyo maana nataka pesa iwe na kifungu na sheria, iwe haki ya jiji, isiwe bahasha ya mheshimiwa. Bahasha ina mkono, na mkono utakuja siku moja kuuliza wimbo wake uko wapi. Serikali inajua kututafuta ikitaka: 2019 kulikuwa na rasimu ya kanuni za kumtaka kila msanii awe na leseni. Waliotuandikia kanuni hawashindwi kutuandikia kifungu.

Mtu mmoja kwenye kijiwe cha boda aliniambia barabara ya kwao ina mashimo na mimi naomba shimo jingine. Tulicheka wote. Lakini nilimwambia, na ninarudia hapa, kwamba pesa yenyewe kwetu isingekuwa ya kununua embaire. Mbao tunachonga wenyewe. Ngozi za ngoma tunapata machinjioni kwa bei ya kuelewana. Hata nauli tumezoea. Kitu ambacho mtu wa kawaida hawezi kujinunulia mjini ni mahali: uwanja mdogo wa umma, hatua ishirini kwa ishirini, wenye paa la mabati upande mmoja, choo, taa moja, na ardhi ambayo mtu anaruhusiwa kuichimba. Wa embaire waje Jumanne, Wateso waje na akogo zao, zile ala za vidole gumba, Jumatano, watoto wa kurap, ambao siwaelewi hata neno moja, wachukue Ijumaa. Wahindi wa mjini wakitaka kucheza dandiya, ngoma yao ya vijiti, siku za Navratri, paa hilohilo. Mtunza ufunguo alipwe. Hivyo ndivyo Jumapili ya Walukuba ilivyokuwa, isipokuwa wakati ule viwanja vilikuwa vya wazi na leo kila futi ina mwenyewe.

Mkutano wa maoni ya bajeti ukiitishwa nitakwenda, na wenzangu nawaomba waende, wa Mbale na ngoma yao ya kadodi, wa Arua, wa Gulu. Wanaochelewa hukaa nyuma wasisikilizwe, kwa hiyo twende mapema. Mimi nitabeba ule ubao uliopasuka, niuweke mezani mbele ya karani, nisimame kimya kwanza.

Mbao 20 ziko chini ya kitanda changu. Mke wangu ananiuliza kila usiku zitaondoka lini, maana anaogopa mchwa. Mahali pakipatikana sitaomba trekta wala kandarasi. Jembe ninalo.

Mpiga embaire,
Walukuba Mashariki, Jinja